Bibi amesema mikono hii si yake

Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za ufundi hapa Dar es Salaam. Nachora tangu shule ya msingi. Sikuwa na mtu wa kunifundisha, kwa hiyo nilijifunza kwa kunakili: kwanza katuni za magazetini, baadaye kazi za wachoraji ninaowakuta kwenye simu. Nina madaftari manne yaliyojaa. Nimenakili Van Gogh, nimenakili viumbe vya George Lilanga wa hapa Tanzania, nimenakili michoro ya mkaa ya Peterson Kamwathi wa Kenya, na wengine ambao hata majina yao siyajui. Wenzangu wakiyafungua husema nina mkono mwepesi. Wawili wamenilipa niwachoree kiumbe cha Lilanga cha kutundika ukutani.

Mwezi uliopita mwalimu wetu alitutaka tuchore mtu wa nyumbani akiwa kazini, bila kutumia picha ya simu. Nikamchagua bibi yangu. Alikuwa amekaa uani anapepeta mchele. Nilikaa naye kwa saa mbili. Sura ilikuja, ila mikono ilinishinda kabisa. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza nyingine. Mwishowe nikakumbuka ile mikono inayosali ya Dürer, ambayo nimeinakili mara nyingi hadi naijua kwa kichwa, nikamwekea bibi. Nilipomwonyesha aliitazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, uso ni wangu, lakini mikono hii si yangu."

Darasani mwalimu alisema mbele ya wote kwamba mimi ni mnakili tu, na akaniagiza nisitazame kazi ya mchoraji yeyote muhula mzima mpaka nipate mkono wangu. Rafiki yangu naye ananiambia kunakili ni wizi, na kwamba Mzee Elimo Njau alifundisha kuwa kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Tangu siku hiyo nikishika penseli naona aibu. Nikichora cha kwangu kinakuwa kibaya, nikinakili najiona mwizi. Je, niache kuwatazama wachoraji wengine? Na huo mkono wangu nitaupata lini?

Mwenye Madaftari Manne, Dar es Salaam

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja, kwenye maneno ya bibi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha kuchora sijasikia hukumu fupi na sahihi kama hiyo. Bibi hakusema mikono imechorwa vibaya. Pengine ilichorwa vizuri sana, maana unasema unaijua kwa kichwa. Amesema si yake, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na hiyo mikono uliyoiazima. Albrecht Dürer aliichora mwaka 1508, huko Nuremberg, Ujerumani, kwa brashi na wino juu ya karatasi iliyopakwa rangi ya samawati, kisha akatia nyeupe pale palipopigwa na mwanga. Alikuwa akijiandaa kwa picha kubwa ya kanisani, na mikono hiyo ilikuwa ya mtume mmojawapo. Sehemu kuu ya picha ile iliteketea kwa moto mwaka 1729. Karatasi ya maandalizi ikabaki, na leo iko katika jumba la Albertina, Vienna. Itazame tena. Vidole ni virefu na vyembamba, vimegusana kwa wepesi, na hakuna kitu vinachobeba. Sasa mtazame bibi. Kidole gumba kinabana ukingo wa ungo kwa juu, vidole vinne vinaushikilia kwa chini, na kifundo kinapinda kila mchele unaporuka. Ngozi ya mgongo wa mkono inavutika anaporusha na kujikunja anapopokea. Bibi hahitaji kumjua Dürer. Amepepeta mchele maisha yake yote, akaona mara moja kwamba mtu mwenye mikono ile ungo ungemdondoka.

Je, kosa ni kunakili? Hebu tumfuate huyohuyo Dürer, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyemleta nyumbani kwenu. Mwaka 1494 alikuwa na miaka 23, miwili zaidi yako. Wakati huo alikuwa akinakili picha za Mwitalia Andrea Mantegna, zile zilizochapwa kutoka kwenye bamba la shaba. Moja ni ya miungu ya baharini wakipigana. Mistari ya nje ya miili aliifuata hatua kwa hatua. Lakini alipofika kwenye kivuli alifanya jambo ambalo nakuomba ulitafakari kwa makini. Mantegna alikuwa akitia kivuli kwa vistari vilivyonyooka, vimelala sambamba kama mvua ya upepo. Dürer hakuvichukua. Alitia vyake, vinavyozunguka paja, vinavyopanda juu ya bega na kushuka nyuma yake, kana kwamba anaupapasa mwili wenyewe. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja utaona watu wawili wakitazama kiumbe kimoja. Mkono wa Dürer ulijitokeza mle mle ndani ya nakala, kwa sababu kila alipofika kwenye kivuli ilimbidi ajiulize: hapa pana mviringo au pamelala? Nyama hii inaelekea wapi?

Nikueleze yaliyonipata mimi. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilinakili kwa mkaa sura ya mwanamke mkulima ya Van Gogh, kutoka kwenye kitabu cha maktaba. Nilitia kivuli wiki nzima. Nilijivunia kazi ile hata nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu. Mwalimu mmoja alipita, akaitazama, akaniuliza swali moja tu: "Mwanga unatoka upande gani?" Sikuwa na jibu. Kwa wiki nzima nilikuwa nimeweka weusi palipokuwa na weusi na nikaacha weupe palipokuwa na weupe, bila kujua kama mwanamke yule alikaa karibu na dirisha au chini ya taa. Nilikuwa nimeinakili karatasi. Mwanamke sikumwona kabisa.

Nadhani madaftari yako manne yana kurasa nyingi za namna hiyo. Si aibu, hata kidogo. Mkono wako umezoea penseli, na jicho lako limejifunza kupima umbali kati ya nukta na nukta, jambo ambalo wapo wanaomaliza chuo bila kulipata. Kilichokosekana ni kuuliza. Na ulipofika uani kwa bibi, hapakuwa na mtu aliyekwisha kukujibia maswali. Kwenye karatasi ya Dürer mstari uko tayari. Kwenye mkono wa bibi hakuna mstari wowote: kuna ngozi, kivuli, unga wa mchele, na wewe ndiye unayepaswa kuamua mstari upite wapi.

Kuhusu mwalimu wako. Sikubaliani na kukusema mbele ya darasa zima, lakini ugonjwa ameujua. Dawa ndiyo nadhani amekosea. Ukikaa muhula mzima bila kuwatazama wachoraji wengine, hutabaki na macho matupu. Utabaki na katuni za magazetini, matangazo ya barabarani na picha za simu, yaani utaendelea kuiga bila kujua unamwiga nani. Mwendee kwa heshima ofisini kwake, umwombe akuruhusu nakala moja kwa wiki, kwa sharti kwamba kila nakala utaiambatanisha na mchoro wa kitu halisi. Mwalimu mwenye nia njema hatakataa.

Ugomvi huu, hata hivyo, haukuanzia darasani kwenu. Afrika Mashariki umekuwapo tangu sanaa ilipoanza kufundishwa vyuoni. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere miaka ya 1930, alihofu kwamba wanafunzi wa Kiafrika wangemezwa na picha za Ulaya. Alikuwa akiwasimulia tukio kwa maneno, nao wakachora walichokiona kichwani mwao. Mwaka 1958 aliyempokea, Cecil Todd, alikuja na mtazamo mwingine: mwanafunzi asome historia ya sanaa ya dunia, ajue wengine walifanya nini. Mzee Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere siku za Trowell. Yeye ndiye baadaye aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, mwaka 1965, na msemo wake huo juu ya kunakili unajulikana sana.

Rafiki yako amekupa msemo bila kukuonyesha kazi ya msemaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alichora picha tano za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane, na msalaba. Ni habari zipi zimechorwa Ulaya mara nyingi kuliko hizo? Njau alizichukua zote. Kisha akaziweka katika nchi aliyokuwa akiiona kila asubuhi, penye vilima vya Wagikuyu na watu weusi. Hakuogopa kushika jambo lililokwisha kushikwa na mikono mingi. Alichokataa ni kuazima macho. Ukiusikia msemo wake, usikie pamoja na picha zile tano.

Upande wa pili nakupa mfano ulio karibu nawe, unaoweza kuufikia kwa daladala. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya vibao vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa na miaka 4 tu ya kazi. Jina lake lisingedumu kama si wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa, ambao walijifunza kwa kukaa karibu naye na kufuata alivyofanya. Hawakuwa na vitabu wala nadharia. Kunakili ndiko kulikoiokoa sanaa ile isife na mwenyewe, na mwaka 1990 warithi wake wakasajili chama chao cha ushirika.

Nenda basi pale Morogoro Stores, Oyster Bay, walipo mpaka leo. Nenda na daftari, usiende kununua. Utaona chui na tembo na ndege, banda baada ya banda, na mara ya kwanza utasema vyote vimetoka kwa mtu mmoja. Kaa. Zunguka tena. Kazi ninayokupa ni hii: tafuta wachoraji watatu ambao unaweza kuwatambua kwa mbali, kabla ya kusoma jina lililoandikwa pembeni. Utagundua yupo anayeacha nafasi kubwa kati ya mnyama na ukingo, na yupo asiyevumilia nafasi tupu. Marehemu David Mzuguno alikuwa wa hao wa pili, akijaza ubao kwa majani, maua na ndege mpaka huoni pa kupitisha kidole. Marehemu Mohamed Charinda aligeukia masimulizi, akachora kijiji kizima na mambo yake. Wote wawili walitoka kwenye shina lile lile la kuiga. Na pembeni utakuta vibao ambavyo kweli haviwezi kutofautishwa, chui yule yule amechorwa mara mia kwa sababu mgeni alimnunua mara mia. Inanihuzunisha kila ninapopita, maana najua wengi wao wana mikono bora kuliko wangu. Hawakukosa kipaji. Chui wao wamemtoa kwenye chui wa jirani, naye jirani kwenye chui wa mwingine, na katika mlolongo huo wote hakuna aliyesimama kumtazama hata paka wa nyumbani anavyokunja mgongo.

Hapo ndipo ninapoliona swali lako. Kunakili ni daraja, nawe umekaa juu ya daraja kwa madaftari manne.

Van Gogh unayempenda alinakili kuliko wewe. Aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na akaanza kwa kunakili kurasa za mafunzo ya Charles Bargue, akazirudia. Mwaka 1881 alinakili mpanzi wa mbegu wa Jean-François Millet, mstari kwa mstari. Mwaka 1888, Arles, mpanzi yule yule akatokea tena, lakini sasa nyuma yake jua ni duara kubwa la manjano ambalo Millet hakulichora kamwe. Mwaka uliofuata, akiwa mgonjwa hospitalini, alimrudia Millet akatengeneza nakala zipatazo ishirini, na kwa kuwa alikuwa na picha zisizo na rangi, rangi zote zikawa zake.

Sasa hayo ya wizi. Kunakili daftarini ili ujifunze si wizi, na usikubali mtu akubebeshe mzigo huo. Lakini kuna jambo umelitaja haraka haraka kwenye barua na mimi siwezi kulipita: hao wawili waliokulipa kwa kiumbe cha Lilanga. Lilanga alifariki mwaka 2005. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania, haki ya msanii inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na chombo cha hakimiliki, COSOTA, kipo kwa ajili hiyo. Kazi ile ina wenyewe. Usiuze tena. Na kwenye kila nakala uliyonayo andika kwa chini jina la uliyemnakili, hata kama daftari halitoki chumbani. Dürer mwenyewe yalimkuta haya. Mwitalia Marcantonio Raimondi alinakili picha zake za mfululizo wa maisha ya Bikira Maria na kutia hata alama yake ya herufi A na D. Vasari, mwandishi wa habari za wachoraji wa zama hizo, anasimulia kwamba Dürer alipeleka malalamiko Venice, na alichopata ni kwamba Raimondi asiitumie tena alama ile. Picha ziliachwa, jina likalindwa. Kwa wale usiowajua majina, watafute. Mchoraji usiyejua jina lake hujajua aliishi lini wala alikuwa akitazama nini, na hapo nakala yake haiwezi kukufundisha sana.

Twende kwenye kazi yenyewe. Chagua mchoraji mmoja kwa mwezi mzima. Mmoja tu. Cennino Cennini, Mwitalia aliyeandika mwongozo wa wachoraji karibu na mwaka 1400, alionya kwamba kijana anayemfuata huyu leo na yule kesho huishia kuchanganyikiwa, na papo hapo akasema hakuna mwongozo mkubwa kuliko kuchora kutoka kwenye vitu vyenyewe. Zaidi ya miaka 600 imepita, nami sina la kuliongeza hapo. Kwa kuwa Dürer yuko kichwani mwako tayari, kaa naye. Ukimpenda zaidi Kamwathi, kaa na Kamwathi, ukatafute nafasi ya kuona kazi zake ana kwa ana, maana watu wake waliopanga foleni na kondoo wake amewachora kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, na simu inakunyima ukubwa huo.

Hili la simu ni kubwa kuliko unavyodhani. Mikono inayosali kwenye kioo cha simu ni ndogo kama kiberiti. Karatasi halisi ina sentimita 29 kwa 20, karibu sawa kabisa na karatasi ya A4 unayoandikia kazi za darasani. Chukua A4 uinakili kwa ukubwa wake. Utashangaa, kwa sababu kwenye ukubwa huo mstari hautoki tena kwenye vidole vyako. Unatoka kwenye kifundo na kiwiko. Raba iweke mbali. Ukikosea, acha mstari mbovu uonekane, chora wa pili pembeni yake. Kisha geuza karatasi, andika nyuma majibu ya maswali matatu: mwanga unatoka wapi, mstari umekolea wapi na kwa nini, na ni nini ambacho mchoraji amekiona lakini akaamua kukiacha. Hili la tatu ndilo gumu, na ndilo litakalokufundisha zaidi. Usipoweza kulijibu, nakala haijaisha.

Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, geuza kiti. Chora kitu halisi kwa penseli ile ile na karatasi ya ukubwa ule ule. Kila ukurasa wa nakala ulipe deni lake kwa ukurasa mmoja wa kitu ulichokiona kwa macho yako.

Na kwa bibi, urudi. Umesema ulikaa saa mbili, ukafuta mpaka karatasi ikatoboka. Anayepepeta hatulii, kwa hiyo usimfukuze. Mkono wake unarudi mahali pale pale kila mara anaporusha. Weka karatasi tatu mapajani: moja ya kurusha, moja ya kupokea, na moja ya wakati anapouweka ungo chini akaanza kutoa chuya na vijiwe, maana hapo ndipo mikono inapotulia zaidi. Kila mkono unaporudi mahali pake, ongeza mstari mmoja kwenye karatasi inayohusika. Anza na ungo, usianze na vidole. Duara la ungo likikaa sawa, ukingo wake utakuonyesha gumba limelala wapi. Kisha tazama zile nafasi tupu, kile kipembe cha mwanga kilicho kati ya gumba na ukingo. Kichore kipembe hicho kama kitu chenye umbo lake. Mkono wote uwe kwanza bonge moja, kama umevikwa soksi. Vifundo vya vidole vifuate upinde wake, na kucha ziwe za mwisho kabisa. Mchoraji anayeanza na kucha huishia na kucha tano zisizo na mkono.

Itakuwa mibaya. Nakuambia mapema ili isikuvunje moyo. Michoro kumi ya kwanza itakuwa mibaya kuliko nakala yoyote iliyo kwenye madaftari yako manne, kwa sababu nakala zinabeba uzoefu wa mtu mwingine wa miaka mingi, na hii itabeba wako wa wiki moja. Iache iwe mibaya, ila iwe ya bibi.

Umeniuliza mkono wako utaupata lini. Siku moja mwenzako atalifungua daftari na kusema "hii yako" kabla hujamwambia, na wewe utakuwa wa mwisho kuuona. Usiutafute.

Nimalizie na Dürer, kwa kuwa tulianza naye. Miaka 20 baada ya kumnakili Mantegna, Machi 1514, alikaa mbele ya mama yake, Barbara, akiwa na mkaa na karatasi ya ukubwa wa A3 hivi. Mama alikuwa na miaka 63 na alikuwa amezaa watoto 18. Dürer hakumpunguzia chochote: mashavu yaliyobonyea, mfupa wa paji la uso, mishipa ya shingo, kitambaa kichwani. Hakuna Mantegna hata mmoja ndani yake. Akaandika kwa juu kwamba huyu ni mama yake, na umri wake. Mwezi Mei mama akafariki. Dürer akairudia karatasi ile ile, akaongeza kwa wino siku na saa aliyokufa.

Bibi yako yuko uani, na mchele unapepetwa kila siku. Kesho asubuhi kaa naye. Andika tarehe chini ya kila karatasi, na ukimaliza mwonyeshe yeye kwanza, kabla ya mwalimu wako na kabla yangu.